Mjomba, Acha Kusoma

Mwezi uliopita nilifungiwa ndani ya chombo cha anga kwa dakika 60. Nilikuwa Dubai kwa dada yangu, na chombo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la maduka, kati ya duka la viatu na mgahawa wa kuku. Tulikuwa sita: mimi, dada, shemeji, wenzake wawili wa kazini, na mpwa wangu wa miaka 14 ambaye ndiye aliyetuburuta huko. Aliyelipa ni shemeji. Nalisema hilo mapema ili ijulikane kwamba sina uchungu wa hela.

Uchungu nilionao ni mwingine kabisa, na ndio nauleta hapa.

Kwa ambaye hajakutana na mambo haya: chumba cha kutoroka ni mchezo. Mnaingizwa chumbani kikundi kizima, mlango unafungwa, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma, nanyi mnasaka vidokezo na kufumbua mafumbo, hili likifungua lile, hadi mlango wa mwisho. Mchezo ulianza Kyoto, Japani, mwaka 2007, pale Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP walipoichukua michezo ya kompyuta ya namna hiyo wakaitoa kwenye skrini na kuwaweka watu halisi ndani yake. Zamani hizo ilitosha karatasi, penseli na kufuli. Chumba chetu kilikuwa na projekta zilizomwaga nyota kwenye dari, sakafu iliyotetemeka, milango ya sumaku, sauti ya kompyuta ya kike iliyotukumbusha kila baada ya muda kwamba oksijeni inaisha. Nakiri kwamba nilipoingia nilisema "duh" kama mtoto.

Mlangoni palikuwa na tangazo. Lilituahidi kwamba humu ndani hatutasimuliwa hadithi, bali tutaiishi.

Sasa, sentensi hiyo naifahamu. Naisikia kila siku kwenye vikao vyetu vya fasihi na kwenye makundi yetu ya WhatsApp, imevaa nguo tofauti tu. Eti vijana hawasomi. Eti kurasa zinawachosha. Eti riwaya ya Kiswahili isipojifunza kwa michezo, isipomfanya msomaji "ashiriki", itakufa na sisi tukiitazama. Wenye chumba wanatafuta riziki, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hawa wa kwetu.

Hadithi tuliyoambiwa tutaiishi ilikuwa hii: mwaka ni 2187, chombo kimegongwa na kimondo, kapteni hajulikani alipo. Juu ya meza yake kulikuwa na daftari. Wenzangu walipokuwa wakipapasa kuta kutafuta vitufe, mimi nikalifungua. Lilikuwa shajara, kwa Kiingereza, na jamani, lilikuwa limeandikwa vizuri. Kapteni anaeleza kwamba mche wa nyanya kwenye bustani ya chombo umetoa jani la saba. Anaeleza kwamba ameshawazika wenzake watatu, kama kumsukumia mtu nje gizani ni kuzika. Binti yake huko nyumbani amemtumia ujumbe kwamba jino lake moja limeng'oka, na ujumbe umechukua muda wa saa nne kumfikia. Hapo nikasimama kidogo, maana redio husafiri kwa kasi ya mwanga, na mwendo wa saa nne maana yake huyu bwana yuko huko mbali upande wa sayari ya Neptune. Yeyote aliyeandika kurasa zile alikuwa amekaa akafikiri. Alijua kwamba baba akijibu leo, jibu litamkuta mtoto ameshalala.

Nilikuwa ukurasa wa tatu mpwa wangu aliponipigia kelele: "Mjomba, acha kusoma! Tafuta namba!"

Na alikuwa sahihi, ndicho kinachoniuma. Shemeji alininyang'anya daftari, akapitisha kidole haraka haraka: majani saba, wafu watatu, saa nne, jino moja. Wakabonyeza 7341. Droo ikafunguka kwa mlio wa furaha, taa zikawa kijani, watu wakagongana viganja. Daftari likaanguka sakafuni, na dakika chache baadaye nikamwona dada amelikanyaga huku akikimbilia mlango unaofuata.

Wale wafu watatu ndio tarakimu ya pili. Nilitafuta kama kuna mahali pengine popote chumbani walipokuwa na kazi nyingine, sikuona.

Hebu tusidanganyane. Hiyo si hadithi tuliyoiishi. Ni hadithi tuliyoikamua kama chungwa, tukanywa maji, tukatupa ganda. Na mchezo wenyewe umeundwa ili ufanye hivyo. Ukimsoma kapteni kama mtu unawachelewesha wenzako, na ukimsoma kama kufuli wanakushangilia.

Lakini kilichonikosesha usingizi usiku ule ni kwamba sauti ya mpwa wangu niliitambua. Ilikuwa yangu. Nilifundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne kwa miaka sita, na aliyepita kwenye madarasa yetu anajua mtihani unavyouliza: toa hoja tatu kutoka kila riwaya, thibitisha kwa mifano. Basi tukawafundisha watoto kutafuta hoja tatu. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kila kimoja kwenye droo yake. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepata A bila kuifungua riwaya hata siku moja. Alikuwa na desa la uchambuzi, kurasa kumi na mbili, lenye mahari, rushwa na nafasi ya mwanamke, zote zimepigiwa mstari. Mwingine aliniuliza darasani kwa nini mhusika fulani hakurudi nyumbani alipopata nafasi. Nilimjibuje? Nilimwambia hilo halitoki kwenye mtihani.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba dawa ya kijana asiyesoma ni chumba kama kile, namwuliza: unamtoa wapi, unampeleka wapi? Darasa letu limemfundisha kwamba maneno ni ganda na ndani kuna alama. Chumba kinamfundisha kwamba maneno ni ganda na ndani kuna namba. Ni darasa lilelile, limewekewa taa na sakafu inayotetemeka.

Wapo watakaosema, tulia bwana, ni fumbo tu, na mafumbo ni mali yetu tangu enzi. Ni kweli. Ndiyo maana tunapaswa kuwa wa kwanza kuona tofauti. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mnakaa mnahangaika, mnataja kaburi, mnataja kichuguu, mkishindwa mnaombwa mji. Mnatoa mji, Tanga au Mombasa, na mtegaji anaufaidi kwanza, anajisifu alivyofika huko akala akashiba, ndipo anawapa jibu: yai. Ukishalipata jibu lile huachani nalo. Kesho asubuhi unagonga yai kwenye ukingo wa kikaango na unajua unabomoa ukuta wa nyumba ya mtu. Jibu limekigeuza kitu ulichokuwa unakiona kila siku. 7341 imegeuza nini? Naikumbuka tu kwa sababu niliiandika kwenye simu tukirudi kwa metro.

Halafu kuna hiyo teknolojia yenyewe, ambayo watu wanaisifia utadhani ni fani.

Mlango wa nne ulitaka tupange mawe manne yanayong'aa juu ya vibao, kwa mpangilio wa sayari ukutani. Tukapanga. Kimya. Tukajua tumekosea, tukapanga upya, tukabishana, shemeji na mwenzake wakakaribia kununiana. Dakika 11 zikaenda. Mwishowe sauti ya mtu, si ile ya kompyuta, ikatuambia kupitia spika turudishe mpangilio wa kwanza. Tukarudisha, mlango ukafunguka. Tulikuwa sahihi tangu mwanzo, ila kibao kimoja hakikusoma chipu iliyo ndani ya jiwe, na kijana wa kwenye kamera alitufungulia kwa mkono wake.

Kufuli la shaba halifanyi hivyo. Namba ikiwa sahihi linafunguka, ikiwa si sahihi halifunguki, na wewe unajua ulipo. Pale kwenye vibao vyenye chipu hatukuweza kujua kama tumekosea sisi au kimekosea kifaa, na mtu asiyejua hilo hafumbui tena, anabahatisha. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla wananielewa. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960, Bwana Msa na kiko chake hutufika mbele kila mara, na Najum rafiki yake huachwa nyuma pamoja nasi, lakini tukifika mwisho tunaweza kurudi nyuma na kuona kwamba dalili zilikuwepo. Mwandishi ametuzidi akili bila kutuibia. Ingekuwaje kama ukurasa wa mia ungegoma kufunguka hata kwa aliyeelewa, mpaka mchapishaji apige simu?

Kama ni anga, na kama ni kufungiwa, kipo kisa cha kweli. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Wanaanga watatu, Lovell, Swigert na Haise, wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Pumzi zao zenyewe zikaanza kuwasonga, maana hewa ya ukaa ilikuwa inajaa. Vichujio vya akiba walikuwa navyo, ila ni vya chombo kikubwa, vya mraba, na sehemu ya kuviweka kwenye chombo kidogo ilikuwa ya duara. Wataalamu huko Houston wakakusanya vitu vilevile tu ambavyo wale walikuwa navyo: mifuko ya plastiki, mpira wa kupitishia hewa, utepe wa gundi, karatasi ngumu za majalada ya vitabu vya maelekezo. Wakaunda kifaa. Kisha wakawasomea kwa redio namna ya kukiunda, hatua baada ya hatua, na wale wakafuata, na kikafanya kazi.

Angalia walivyookoka. Kila kipande kilieleweka kazi yake, na hakuna aliyesema acha kusoma. Waliofungiwa kweli angani waliokolewa na maneno yaliyosomwa polepole hadi mwisho.

Sitaki nionekane mzee anayechukia furaha. Tulifurahi. Mimi na shemeji tuliongea saa ile moja kuliko miaka mitatu ya salamu za Idi. Mwenzake mmoja, mhasibu mkimya, ndiye aliyegundua kwamba nyota za darini zinawaka kwa zamu, na hatukumsahau tena jina. Kucheza pamoja ni jambo kubwa na sina neno. Bao halina hadithi, na hakuna anayelilaumu bao. Lakini na bao halijawahi kusimama mlangoni likajiita riwaya.

Wala usiniambie kwamba hatari ndiyo inayoleta hadithi. Hatari ya kweli ipo na si ya kuchezea: Januari 4, 2019, mjini Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa walikufa kwa moto katika chumba cha namna hii. Baada ya hapo ukaguzi ulifanyika nchi nzima na vyumba vingi vikafungwa. Chetu kilikuwa na kitufe cha kijani pembeni ya mlango. Ukibonyeza, unatoka muda wowote. Na ndivyo inavyotakiwa. Basi kama kufungiwa ni kwa kuigiza, oksijeni ni ya kuigiza na kimondo ni cha kuigiza, kinachobaki cha kumshika mtu ni kapteni tu na binti yake. Ndicho kitu pekee mle ndani ambacho hakikuhitaji umeme, na ndicho walichokigeuza namba ya droo.

Nyie mnaotuambia tuandike riwaya zinazofanana na vyumba hivi, mmewahi kumwuliza kijana aliyetoka mle amebaki na nini? Mimi nilikuwa naye.

Tulitoka zikiwa zimebaki sekunde 40, tukapigwa picha na mabango ya ushindi. Kijana wa kwenye kamera akatokea kutupongeza, kwa Kiswahili. Mkenya! Kumbe alikuwa anatusikia muda wote tukiwasema. Akaomba radhi kwa kile kibao, akasema huwa kinasumbua. Wenzangu wakamwuliza tumeshika nafasi ya ngapi mwezi huu. Mpwa wangu alisubiri wamalize, akamwuliza yule kapteni aliishia wapi.

"Kapteni gani?"

"Wa kwenye daftari. Alimjibu mtoto wake?"

Yule kijana akacheka, akamwangalia, akaona hatanii. "Daftari iko na kurasa tano tu zimeandikwa," akasema. "Zingine ni tupu. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo."