Tarehe ya Mwisho wa Hataza Iwe Wazi kwa Wote
MIZANI, na Hamadi Mwinyi Shehe

Mtu akiuliza dawa fulani itatoka lini katika ulinzi wa hataza huko Ulaya, aghalabu hujibiwa kwa hesabu nyepesi ya miaka 20 tangu siku ya kuwasilishwa maombi. Na hesabu hiyo, ijapokuwa ndiyo asili ya sheria, haimtoshi mwenye kununua dawa za hospitali wala mwenye kutengeneza dawa za jeneriki, kwa kuwa hataza itolewayo na Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich hugawanyika ikawa hataza za mataifa aliyoyachagua mwenyewe, kila moja ikiishi kwa ada ya mwaka inayolipwa nchini humo, hata ikaweza kufa Ureno kwa kutolipiwa ilhali ingali hai Ujerumani.

Fauka ya hayo, tangu mwaka 1993 kuna cheti cha ulinzi wa ziada, kilichowekwa kumfidia mwenye dawa kwa miaka iliyompita akingoja idhini ya kuiuza. Huhesabiwa muda baina ya maombi ya hataza na idhini ya kwanza, ukapunguzwa miaka 5, na kinachosalia ndicho kinachoongezwa, mradi nacho kisizidi miaka 5. Na aliyeifanyia dawa yake majaribio kwa watoto kwa mpango uliokubaliwa huweza kupata miezi 6 juu yake. Cheti hicho hakitoki Munich: kila taifa hutoa chake, au hukataa.

Itazameni Truvada ya kampuni ya Gilead, dawa ya virusi vya UKIMWI yenye tenofovir na emtricitabine. Hataza yake iliombwa Julai 1997, idhini ikapatikana Februari 2005, na kwa cheti cha Uingereza ulinzi ulikuwa ufike Februari 2020. Ndivyo daftari la hataza lilivyosema. Lakini kampuni ya Teva na wenziwe, watengenezao dawa za jeneriki, walishtaki, kwa hoja kwamba emtricitabine haikutajwa popote katika hataza ile. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaeleza kipimo cha sheria Julai 2018, na Septemba mahakama ya London ikakibatilisha cheti. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa daftarini, hata ikiwa na muhuri wa serikali, ni dai linaloweza kupingwa, na anayeichunguza hana budi kuuliza pia kama kuna kesi.

Ni nani basi awezaye kuyafuatilia haya yote, taifa baada ya taifa, katika lugha zisizofanana? Ni mwenye mali ya kuajiri mawakili. Si mfamasia wa hospitali ndogo, wala chama cha wagonjwa. Nami naliona hilo kuwa dhuluma, kwani upekee wa kuuza dawa hutolewa na dola kwa niaba ya raia, na kwa muda maalumu, na madhali raia ndiye alipaye bei yake, ni haki yake kujua siku utakapokoma bila ya kununua elimu hiyo.

Hataza ya umoja, iliyoanza Juni 2023, imepunguza utawanyiko kwa mataifa yaliyojiunga nayo, bali vyeti vimebaki mikononi mwa kila taifa. Halmashauri ya Ulaya ilipendekeza mwaka huohuo utaratibu mmoja wa kuvichunguza. Pendekezo hilo nalitaka lifike mbali zaidi: daftari moja, bila malipo, litakaloonyesha kwa kila dawa na kila nchi ada iliyolipwa, cheti kilichotolewa au kukataliwa, nyongeza ya watoto, na kesi iliyoko mahakamani.