Sevisi ya Motokaa: Tufuate Muda Maalumu au Tungoje Taa Iwake?



Siku hizi mabarazani na katika mikutano ya matawi hayaishi mazungumzo ya gharama za motokaa. Zamani mkulima wa karafuu alihesabu wachumaji, majamvi na magunia, akamaliza hesabu yake. Leo katika hesabu hiyo imo gari, nayo hula kama mtu mzima. Kwa hiyo si ajabu kusikia wenzetu wakiuliza: Je, ni lazima kumwaga oili kila baada ya kilomita 5,000? Mbona gari mpya za Ulaya huenda kilomita 30,000 au miaka miwili bila ya kuguswa? Kwa nini sisi tutupe fedha?

Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Lakini kabla hatujalijibu yatupasa tujue vizuri mambo mawili tunayoyalinganisha.

Njia ya kwanza ni ya muda maalumu. Mtengenezaji wa gari amepanga kilomita na miezi, na ukifika mpaka wowote kati ya hiyo miwili unakwenda kwa fundi, gari iwe inalia au hailii. Njia ya pili ni ya muda wa kubadilika. Hii ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990 katika gari za Ujerumani, kama vile Mercedes-Benz na Volkswagen. Ndani ya gari mna kompyuta inayohesabu: injini imewashwa mara ngapi ikiwa baridi, imezunguka kwa kasi gani, imepata joto kiasi gani, imekwenda safari ndefu au fupi. Ikishajumlisha, huwasha taa mbele ya dereva kumwambia kuwa wakati umefika. Dereva mpole wa safari ndefu huongezewa muda. Dereva wa fujo hupunguziwa.

Ni akili nzuri, sikatai. Mtu anayekwenda kila siku mwendo mrefu juu ya lami safi, akatia oili ile ile iliyotajwa na kiwanda, hana sababu ya kumwaga oili ambayo bado ina nguvu. Lakini kompyuta hiyo ina masharti, na masharti ndiyo tunayoyasahau tunapoitamani. Inaamini kwamba umetia oili ya namna maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya muda mrefu, ambayo bei yake ni kubwa. Inaamini kwamba dizeli yako ni safi kama ya Ulaya, ambako tangu 2009 salfa haitakiwi kuzidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilipiga hatua kubwa zilipoweka mpaka wa sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, lakini 50 si 10, na salfa ikiungua huzaa asidi inayochosha oili. Na jambo la tatu, kubwa kuliko hayo: kwa kawaida kompyuta hiyo hailioni vumbi.

Hapa ndipo ninapotaka kuwachukua wasomaji mbali kidogo, mpaka nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Mtu ataniuliza: karafuu wapi na Kasulu wapi? Namjibu kwamba anayetaka kujifunza uvuvi huenda kwa wavuvi, na anayetaka kujua gari hufa kwa sababu gani aende mahali ambapo gari zimeteseka.

Nchi ile ni ya vilima na udongo mwekundu. Watu wake Waha hulima maharage, mihogo, mahindi na kahawa. Mvua zikikoma, kiangazi hushika miezi mingi mfululizo, na barabara ya udongo husagika ikawa unga mwekundu unaoning'inia hewani kila gari inapopita. Mvua zikirudi, unga ule ule huwa tope la kunasa magurudumu. Serikali imekuwa ikiitia lami njia kuu itokayo Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo kuelekea Nyakanazi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini njia za kwenda vijijini ni za udongo.

Juu ya barabara hizo zimepita motokaa nyingi kuliko ambavyo wilaya mbili za mpakani zingetarajiwa kuwa nazo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Vurugu za Burundi za 2015 zilileta wimbi jingine, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Kila kambi hutaka malori ya chakula, gari za maji, gari za wagonjwa na Land Cruiser za wafanyakazi. Gari ya mgonjwa ikizimika njiani usiku kati ya kambi na hospitali, hasara yake haihesabiwi kwa shilingi.

Basi tutazame vumbi hufanya nini. Injini huvuta hewa kama mtu anavyovuta pumzi, na pua yake ni chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eyaklina. Chujio likijaa, injini hukosa pumzi: hutoa moshi mweusi, hula dizeli nyingi na hupoteza nguvu mlimani. Chujio likiwa limetoboka au halikukaa sawasawa, ni vibaya zaidi. Vumbi lile lina chembe za mchanga, nazo hupita zikaingia katika silinda, zikakwaruza ringi na kuta zake, kisha zikashuka ndani ya oili. Tangu hapo oili iliyowekwa ili ilainishe huwa kama msasa. Kompyuta inayohesabu mizunguko na joto haina habari ya hayo yote. Itakuambia una kilomita 12,000 zilizosalia, nawe injini yako unaisaga mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, katika nchi ya vumbi namna ile hekima haimo katika kuuongeza muda bali katika kuupunguza. Vitabu vya watengenezaji wenyewe husema hivyo, katika ule ukurasa ambao wengi hatuufungui: gari ifanyayo kazi ngumu, yaani vumbi, mzigo mzito, matope, au safari fupi fupi, sevisi yake ije mapema kuliko ya gari ya kawaida, na mara nyingi ni nusu ya muda. Oili ina kilomita zake na miezi yake. Lakini chujio la hewa hufunguliwa na kutazamwa kila mara kiangazi kinapokuwa kikali, na tangi la maji katika chujio la dizeli hufunguliwa likamwagwa bila ya kungoja fundi. Hapo utaona kwamba muda wa kubadilika si uvumbuzi mgeni. Dereva mwangalifu wa nchi ya vumbi anao tangu zamani, ila yeye huukunja urudi nyuma, hauvuti uende mbele, na kipimo chake ni macho yake.

Sasa turudi kisiwani. Mtu atasema: sisi hatuna vumbi la Kibondo, kwetu mvua ni nyingi na mashamba ni ya kijani. Ni kweli, lakini tuna adui zetu. Safari zetu ni fupi. Gari hutoka shamba mpaka kituo cha kuuzia karafuu, ikazimwa. Ikawashwa ikaenda dukani, ikazimwa. Injini isiyopata joto la kutosha haikaushi unyevu ulio ndani yake. Maji na mafuta yasiyoungua hushuka katika oili na kuifanya uji mweusi. Tuna hewa ya chumvi inayokula vyuma. Tuna vilima vya njia za mashambani, na gari ndogo inayopandishwa magunia kupita kipimo chake. Yote hayo ni kazi ngumu kwa mujibu wa ule ukurasa niliousema.

Tena kwetu kilomita peke yake hudanganya. Wako wanachama ambao gari zao haziendi zaidi ya kilomita 4,000 kwa mwaka mzima. Mtu huyo akifuata kilomita tu, oili ile ile itakaa masika na vuli, na masika mengine, nayo imekwisha kuoza. Kwake yeye kalenda ndiyo mwalimu, si ile saa ya kilomita.

Nijibu na hoja ya fedha, maana ndiyo iliyoleta maneno yote haya. Tuchukue mfano, na kila mtu aweke bei zake. Gari inakwenda kilomita 20,000 kwa mwaka. Kwa kila kilomita 5,000 ni sevisi 4; tuseme kila moja shilingi 150,000, jumla ni 600,000. Kwa muda wa kubadilika, sevisi ni moja kwa kilomita 30,000, yaani moja kwa miezi 18. Na kwa kuwa oili yake ni ghali tuseme ni 350,000. Kwa mwaka hiyo ni kama 233,000. Faida inayoonekana ni 367,000. Ni fedha, sikatai. Lakini injini ikifa, na kuipata nyingine iliyotumika pamoja na ufundi ikawa 4,000,000, mtu amekula faida ya karibu miaka 11 kwa siku moja. Na kama imekufa katika msimu wa kuchuma, karafuu mbichi hazingoji gari ya kuazima: zikirundikwa huvunda, hupoteza rangi, na bei yake huporomoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kwanza, kila mwanachama mwenye gari ya kazi ashike muda maalumu: kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia, isipokuwa kitabu cha gari yake kinataka mapema zaidi. Pili, sevisi moja ipangwe kabla ya msimu wa kuchuma, si baada yake. Tatu, aliyenunua gari ya Ulaya iliyotumika amwambie fundi mwenye kompyuta aiondoe katika muda wa kubadilika na kuiweka katika muda maalumu. Katika nyingi jambo hilo linawezekana. Wala asiiamini taa iliyozimwa na mtu asiyemjua. Nne, oili inunuliwe katika kopo lililofungwa, kwa muuzaji anayetoa risiti, na ya namna iliyotajwa katika kitabu. Oili ya magendo haina muda maalumu wala wa kubadilika.

Tano, gari iwe na daftari. Iandikwe tarehe, kilomita, oili iliyotiwa, chujio lililobadilishwa na fedha iliyotoka. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na hapa Chama chetu kinaweza kusaidia. Tukiwa na madaftari ya wanachama 20 au 30, tutakwenda kwa mwenye gereji tukiwa na hesabu mkononi, tukaomba bei moja kwa wote, na tukanunua oili kwa pipa badala ya kopo moja moja. Huko ndiko kwenye akiba ya kweli: katika kununua pamoja, wala si katika kuinyima injini oili.

Mwenye uwezo wa kupeleka oili yake ikapimwe na wataalamu kila mara, huyo anaweza kuongeza muda kwa ushahidi, na makampuni makubwa yenye gari nyingi hufanya hivyo. Sisi wa gari moja moja hatuna mizani hiyo. Mizani yetu ni kalenda, kijiti cha kupimia oili, na macho. Tuvitumie vyote vitatu, na kabla ya msimu kila mmoja afungue eyaklina ya gari yake aitazame.

Wenu katika Chama,
Mwanachama