Kalamu Haichomelei Chesisi

Naandika haya saa nane usiku nikiwa nimefumba jicho moja. Si mbwembwe. Macho yote mawili yananiwasha kana kwamba mtu kanimwagia mchanga wa Coco Beach. Nikifumbua machozi yanatoka, nikifumba ndiyo kabisa. Jana mchana nilichomelea chuma kwa dakika chache nikiwa nimeinua kofia juu ya paji la uso, eti nione vizuri. Haya, nimeona vizuri. Mwanga wa kuchomelea una miale ile ile ya jua inayobabua ngozi, ila huu unakuwa nusu mita tu kutoka usoni. Na adhabu yake haiji papo hapo. Unamaliza kazi, unaoga, unakula, unalala, halafu baada ya saa sita au nane unaamka unadhani umekuwa kipofu.

Fundi wangu alinionya. Kwa hiyo nikisema leo nina hasira, mjue mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Ngoja nianzie mwanzo. Nyuma ya nyumba yetu Tabata kuna Land Rover 109, Series III, pikapu, ya mwaka 1976. Ilikuwa ya babu. Babu alikuwa bwana shamba, akainunua mnadani mwaka 1989, na kwa miaka mingi gari lile lilibeba mahindi, mbolea, wajawazito, maharusi, na majeneza mawili ninayoyakumbuka mimi mwenyewe. Babu alipofariki likaletwa mjini juu ya lori, likaegeshwa chini ya mwembe, kuku wakahamia.

Mwezi wa tatu kikakaliwa kikao cha familia. Kilichukua dakika ishirini. Mjomba alikuja na mnunuzi wa chuma chakavu, akalizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akataja laki saba na nusu. Nikasema, jamani, msiliuze, nitalitengeneza mwenyewe. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Wewe unayeita fundi abadilishe balbu?"

Mama hakucheka. Alisema tu, "Baba, nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Lisipowaka, mjomba wako analiuza."

Ndiyo hivyo. Kila Jumamosi na Jumapili niko chini ya mwembe.

Kwa wasiolijua gari hili: Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa cha mgawo, aluminiamu ilikuwa ikipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma. Series III imetengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hii yetu ina injini ya petroli ya silinda nne, sisi 2,286. Nyingine zilikuwa zikiunganishwa hapo jirani tu, Thika, Kenya. Ni gari la bolti na riveti. Ukiwa na spana na subira unaweza kulifungua lote ukalipanga uani kama mchezo wa watoto.

Tatizo ni ile ndoa ya vyuma viwili. Aluminiamu na chuma vikigusana palipo na unyevu wenye chumvi, na Dar unyevu wenye chumvi ndio hewa tunayovuta, aluminiamu inaanza kuliwa, inakuwa unga mweupe kuzunguka kila riveti. Chesisi nayo ni boksi lenye uwazi ndani. Tope la miaka arobaini liliingia, likakaa, likala chuma kutoka ndani kuja nje. Kwa nje ulikuwa ukiona rangi nyeusi safi. Nilipogonga kwa nyundo, nyundo ikazama.

Hapo ndipo nilipohitaji fundi wa kuchomelea. Na hapo ndipo aibu yangu inapoanza.

Miaka miwili iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu mafundi wa gereji za pembezoni mwa barabara. Ilikuwa na kichwa cha habari kikali, mhariri akafurahi, watu wakanipongeza. Nilieleza jinsi "matapeli" hawa wanavyobandika kiraka cha bati juu ya kutu, wanapaka puti, wanapiga rangi, wanakula hela ya mteja, na baada ya miezi sita kutu inatokeza tena. Niliongea na wateja sita. Mafundi je? Sifuri. Nilipiga picha banda moja nikiwa ndani ya teksi. Hata sikushuka.

Fundi niliyeelekezwa, mtu wa umri wa miaka arobaini na kidogo, nilipofika kwake nikaona lile banda. Bango lile lile, mkorosho ule ule nyuma yake. Nikanyamaza. Nilinyamaza wiki tatu nzima, mwandishi wa habari mimi, mpenda ukweli.

Siku nilipomwambia, tulikuwa tunakata ule mkono wa chesisi unaoshikilia ukuta wa mbele, ule ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Hakugomba. Alizima grenda, akauliza, "Mwandishi, hiki tunachokata hapa tumetumia siku ngapi?" Nikahesabu: tatu. Siku tatu za kukata kutu yote mpaka tukute chuma kizima, kupima, kukunja bati jipya la milimita mbili, kushikiza kwa nukta ndogo ndogo, kulinganisha, kushikiza tena. Akasema: "Mteja anakuja saa nne asubuhi. Anataka gari saa tisa. Ana elfu kumi na tano. Namwambia kazi hii ni ya siku tatu. Ananiambia, fundi, wewe ziba tu. Sasa nani amenunua kiraka?"

Nilikosa la kujibu. Nyie mnalo?

Sisemi hakuna mafundi waongo. Wapo, na mmoja aliniuzia kabureta "mpya" iliyooshwa kwa petroli tu. Lakini ule "utapeli" nilioukemea kwa herufi kubwa, mara nyingi ni bidhaa tuliyoiagiza wenyewe. Tunapunguziwa bei kutoka elfu sitini hadi kumi na tano halafu tunataka kazi ya elfu sitini. Na kwa kuwa hatujui kazi yenyewe inaendaje, hatuwezi hata kumtofautisha fundi hodari na mbabaishaji. Tunawaweka wote kapu moja, tunaita "mafundi wa Kibongo".

Na hatujui kwa sababu hatutaki kujua. Hili ndilo linalonikera.

Mimi nina digrii. Nimesoma miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo yote, nikiwa darasani, kazi ya mikono ilikuwa na jina moja tu: ADHABU. Umechelewa namba? Kafyeke. Umeongea Kiswahili kwenye eneo la Kiingereza? Kang'oe kisiki. Umekuwa wa mwisho kwenye mtihani? Kasombe mawe. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule iwe pia shamba na karakana, mtoto asione kazi ya mikono ni ya watu wa chini. Sisi tukachukua jembe lile lile tukalifanya fimbo. Mtoto aliyechapwa kwa jembe miaka kumi na sita utamwambia nini kuhusu heshima ya kazi?

Sasa tuna sera ya elimu toleo la 2023, kuna mkondo wa amali sekondari. Wazo zuri. Lakini hebu sikilizeni wazazi wanavyoongea, hata wale wasomi wenzangu wanaokaa Mbezi na Sinza. "Huyu wangu kichwa kizito, huyu nitampeleka amali." Ebo! Nani amewaambia kuchomelea ni kazi ya kichwa kizito?

Njooni niwaoneshe. Nilidhani kuchomelea ni gundi ya moto tu. Unashika kijiti, unagusa chuma, cheche, basi. Siku ya kwanza kijiti kiliganda kwenye bati mara kumi na moja. Siku ya pili kiliacha kuganda, kikaanza kutoboa. Kwa kijiti cha milimita mbili na nusu, ampea themanini zilikuwa sawa kwenye chuma kinene, lakini nikija kwenye chuma kilicholiwa na kutu, tundu. Nashusha, kinaganda. Naenda taratibu, tundu. Naenda haraka, mstari unakaa juu juu kama dawa ya meno, ukigonga unadondoka. Fundi haangalii hata namba za mashine. Anasikiliza. Anasema ampea zikikaa sawa mlio unakuwa kama chapati inayokaangwa, na kweli, siku niliyousikia nilijua bila kuambiwa. Anajua chuma kitapinda upande gani kikipoa, kwa hiyo anachomelea kidogo hapa, anaruka kule, anarudi. Anajua betri na alternata vifunguliwe kwanza. Tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti, na hakuniruhusu kuwasha mashine mpaka tulipolitoa na kulipeleka mbali, upande wa pili wa ukuta. Nilimuona anazima sigara ya kijana mmoja kwa vidole.

Huyo ndiye kichwa kizito? Mimi niliyesoma nadharia za mawasiliano nilishindwa kuunganisha mabati mawili.

Najua jibu lenu, kwa sababu lilikuwa langu. Kila mtu afanye kazi yake. Daktari atibu, fundi atengeneze, mwandishi aandike. Sawa. Sisemi kila mwenye laptopu anunue grenda. Ila mwandishi ana kazi gani kama si kuujua ulimwengu anaouandika? Nimeandika kuhusu viwanda sijawahi kushika chuma. Nimeandika "uchumi wa viwanda", nimerudia rudia maneno ya wakubwa kwenye semina zenye soda na sambusa, na sikujua hata kwamba mabati ya zinki yakichomwa yanatoa moshi unaompa mtu homa na kutetemeka usiku kucha kama malaria.

Mafundi wanalijua hilo. Wanakunywa maziwa. Ukipita mabandani utaona pakiti ya maziwa karibu na mashine, wanasema yanaosha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, jamani, moshi unakwenda kwenye mapafu. Lakini nani amewaambia? Macho yakiwaka wanaweka vipande vya kiazi kibichi. Wengi wanachomelea na miwani ya jua ya elfu tatu, ambayo haifuniki uso wala haina giza la kutosha kwa mwanga ule. Tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu mwaka 2003. Fundi wangu amechomelea miaka ishirini na mbili. Nilimuuliza kama amewahi kutembelewa na mkaguzi wa usalama. Akasema wa ushuru anamjua kwa jina, huyo mwingine hajapata kumuona.

Siku hizi akisoma ujumbe kwenye simu ananipa mimi nimsomee. Mwanzoni nilidhani hajui kusoma. Ndiyo, hilo ndilo nililolidhani! Kumbe herufi zina ukungu. Jicho la kushoto analiamini zaidi, la kulia anasema limekuwa kama kioo cha bafuni. Hataki kwenda hospitali kwa sababu siku moja ya foleni ni siku moja bila hela, na kwa sababu anaogopa jibu. Anayo haki ya kuogopa. Mimi kwa dakika chache tu niko hivi, nalia peke yangu gizani.

Wakati huo huo, mwaka 2016 kampuni iliyotengeneza gari hili ilianza kukarabati Series I ishirini na tano za kwake yenyewe na kuziuza kama dhahabu. Huko mtu aliyevaa ovaroli akirudisha chesisi ya zamani anaitwa mtaalamu, anapigwa picha za magazeti ya rangi. Huku anaitwa tapeli, na nilimwita mimi.

Nimemwandikia mhariri wangu nikimwomba niandike makala nyingine, na safari hii nishuke kwenye teksi. Amejibu kwamba hadithi ya mafundi "imeshafanywa". Imefanywa na nani? Na mimi! Nitamsumbua tena Jumatatu, macho yakikubali.

Upande wa kulia wa chesisi umekwisha. Tumepaka rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani tukamimina oili chafu mpaka ikachuruzika chini, mama akagomba kuhusu sakafu yake. Mjomba alipita Jumapili, akapiga chesisi kwa nyundo, akasubiri izame. Haikuzama. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, kisha akauliza kama chai ipo.

Wiki iliyopita nilimnunulia fundi kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo kinachojigeuza cheusi chenyewe mwanga ukiwaka. Alifurahi sana, akaijaribu, akacheka. Jana nilipofika bandani alikuwa amevaa miwani yake ile ile ya jua. Kofia iko nyumbani kwake, kwenye boksi lake, juu ya kabati. Anasema ni nzuri mno, itachakaa.