Andika Mwenyewe, Nitasaini

KIJIWE CHA ALHAMISI
Na Bin Fundi

Kuna watu wakishawekewa "Dokta" mbele ya jina, mkono wa kuandikia unakufa ganzi. Wiki hii nimemshuhudia mmoja kupitia simu ya mpwa wangu, na presha yangu haijashuka.

Mpwa huyu ni binti, mhandisi wa maji. Ana shahada ya miaka 4, GPA 4.2 kati ya 5, na sasa anaomba kusoma uzamili wa uhandisi wa mazingira katika chuo kimoja huko Marekani. Dirisha linafungwa Desemba 15. Jumapili alikuja kwangu na laptop yake kwapani, maana kwao umeme ukirudi watoto wanataka katuni.

Kila kitu alikuwa nacho. Transkripti tayari, matokeo ya TOEFL tayari, insha ya kujieleza ameiandika mpaka mimi mwenyewe nikatamani kumpa nafasi. Ada ya maombi imelipwa kwa kadi ya Shemeji yangu. Kilichobaki ni barua za mapendekezo. Chuo kinataka tatu. Moja imeandikwa na profesa mstaafu, ambaye kabla ya kuandika alidai CV, akadai muhtasari wa mradi, kisha akapiga simu na kumhoji kama yuko kwenye usaili. Ya pili imetoka kwa mhandisi anayemsimamia kazini. Ya tatu ilitakiwa itoke kwa msimamizi wa mradi wake wa mwaka wa mwisho. Hapo ndipo penye Dokta wetu.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akanipa simu. Ujumbe wa Oktoba: "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu." Tiki mbili za bluu, kimya. Ujumbe wa Novemba: shikamoo nyingine, samahani nyingine, bluu nyingine. Kisha, baada ya binti kumfuata ofisini na kukuta mlango umefungwa, jibu likaja: "Andika mwenyewe, uniletee nisaini."

Binti akamweleza kwa adabu zote kwamba barua hizi hazisainiwi mezani. Chuo chenyewe kinamtumia mdhamini kiungo kwenye barua pepe yake ya kazini, naye anapandisha barua bila mwombaji kuigusa. Dokta akajibu: "Hiyo ya kazini siifungui. Nifungulie Gmail, wape hiyo, ujaze mwenyewe." Akamalizia na kidole gumba.

Kidole gumba, jamani!

Nikamwambia anifungulie mfano wa fomu anayotumiwa mdhamini nione hicho kinachomshinda msomi wetu. Haizidi dakika chache. Umemfahamu mwombaji kwa muda gani? Ulimfundisha nini? Ukimlinganisha na wanafunzi wengine uliowafundisha, yumo katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25? Kisha unaambatisha barua ya ukurasa mmoja au miwili. Kabla ya hapo mwombaji ameshaulizwa swali lake: je, unakubali kuachia haki yako ya kuisoma barua hii? Wamarekani wana sheria ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake, hivyo wanamwomba aiachie ili mdhamini aseme ukweli bila woga. Mpwa wangu ameweka alama kwamba ameachia. Ameahidi kutoisoma barua ambayo Dokta anamtaka aitunge. Mimi hapa kijiweni naita hiyo kughushi. Sijui huko kwenye seneti ya chuo wanaiitaje.

Na hata angekubali kuitunga, angeandika nini? Nimewahi kuziona hizi barua za kujitungia. Zote ni pacha: binti ni mtiifu, anajituma, anashirikiana vizuri na wenzake. Unaweza kumpelekea mwajiri wa yaya. Kamati ya uhandisi inataka habari nyingine kabisa. Inataka kusikia kwamba mwanafunzi huyu alichukua maji ya kisima cha Arusha yenye floraidi, ile inayowaachia watoto wa kule meno ya kahawia, akayapitisha kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, akapima tena na tena mpaka yakashuka chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Inataka kujua alifanya nini pale mkaa ulipochoka kabla ya wakati na vipimo vikaharibika. Hilo analijua aliyesimama naye maabara.

Shemeji, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akadakia akiwa sebuleni: "Si asome hapahapa?" Nikamjibu kwamba hata hapahapa fomu za uzamili huuliza majina ya wadhamini. Ukimkimbia Dokta kwa ndege utamkuta tena kwa daladala.

Sababu ya Dokta kutoandika msinitafutie mbali. Wahadhiri watasema wanafunzi ni wengi, na kweli ni wengi. Watasema kusahihisha mitihani kunawamaliza. Sawa. Lakini huyo huyo aliyekosa dakika za fomu hakosi kwenye semina ya siku tatu hotelini, bahasha ikiwepo. Barua ya mapendekezo haina posho ya kikao. Haina nauli, haina chai ya saa nne, wala haihesabiwi mtu akiomba kupandishwa cheo, maana huko wanahesabu machapisho. Ndiyo maana haiandikwi. Ingekuwa na posho, mngewakuta wamepanga foleni nje ya mabweni ya wanafunzi.

Tukumbushane tulikotoka: Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa 1973, nchi ilikuwa inaazima walimu kutoka nje, Wajerumani wakiwa mstari wa mbele. (Chuo cha mpwa wangu ni kingine, na sikitaji, msinitumie mawakili.) Vijana wetu waliokuja kushika nafasi za wale walimu walikwenda kusoma ng'ambo, na hakuna aliyepokelewa huko kwa sura nzuri. Kuna mtu aliketi akawaandikia.

Mpwa wangu alikataa kufungua hiyo Gmail. Alimwendea mhadhiri msaidizi aliyekuwa akimfungulia maabara jioni, kijana ambaye bado hana hiyo Dokta. Kwa cheo, barua yake ina uzito mdogo, na binti analijua hilo. Iliingia kwenye mfumo usiku uleule.

Kwa hiyo mhadhiri, ukiombwa barua na huwezi, sema "siwezi" siku hiyohiyo. Ni jibu halali na halimuui mtu. Kinachomuua ni tiki za bluu za miezi miwili. Nanyi wanafunzi, ombeni mapema, pelekeni CV, matokeo na muhtasari wa mradi kwa pamoja, na mkiambiwa "andika mwenyewe" tafuteni mtu mwingine kabla jua halijazama.

Na wewe Dokta, najua unasoma, maana Alhamisi hukosi gazeti la bure pale kantini. Kwenye jalada lako la kuombea uzamivu zimo barua za watu waliokujua. Nataka kuamini hukujiandikia hata moja.