Mlinzi wa getini ndiye ukuta wa kwanza

Wadau, ukisimama barabara kuu hapa Mbalizi hata nusu saa utaona malori ya mafuta yakipishana, mengine yanakwenda Tunduma, mengine yanarudi Dar. Sasa nenda kwenye ofisi nyingi za umma nchini. Getini unakuta mzee mmoja na kirungu chake, daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mama mwenye kapu anahojiwa anakwenda kwa nani. Gari lenye vioo vyeusi linapigiwa saluti, linapita. Huo jamani ndio ulinzi?

Tusisahau Agosti 7, 1998. Lori lenye bomu halikuwahi kuingia ndani ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Liliishia getini, lilikokuta lori la maji. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Watano walikuwa walinzi wa getini. Siku hiyo hiyo Nairobi, walinzi wasio na bunduki waligoma kufungua geti. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao.

Kuna watakaosema dawa ni bunduki. Julai 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi Stakishari, Ukonga, wakaua askari na raia, wakaondoka na bunduki. Silaha zilikuwepo pale, na ndizo zilizofuatwa!

Mimi nasema tuanze na yule mzee. Alipwe kwa wakati. Afundishwe kukagua gari. Apewe redio ya kuitia msaada. Magari yaegeshwe mbali na jengo. Hilo nalo tunasubiri mfadhili? Na zabuni za ulinzi zisiangalie bei ya chini tu, maana kampuni ikibanwa, kinachopunguzwa kwanza ni mshahara wa mlinzi.

Kubwa zaidi, apewe mamlaka ya kumsimamisha yeyote. Bosi anayefoka akiombwa afungue buti anamfundisha mlinzi kufumba macho. Siku mtu mbaya akija na suti na gari la kifahari, atapigiwa saluti vilevile.

Ofisini kwenu je, gari la bosi linakaguliwa?