Tusiishie Kusema "Usiguse!"

Akina mama wapendwa, mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu huwaachia mafundi na walimu, nalo ni umeme.

Jioni moja hapa nyumbani Dodoma tulimkuta mtoto wetu wa miaka saba amechomeka waya kwenye tundu la soketi. Siku iliyotangulia alikuwa amefungua tochi ya baba yake na kuwasha balbu kwa waya ule ule, nasi tukamsifu. Sasa alitaka kuona ukutani kutatokea nini. Tunamshukuru Mungu kwamba swichi ya soketi ile ilikuwa imezimwa. Tulipomkaripia alijibu, "Mama, uliniambia nisiguse, lakini hukuniambia kwa nini."

Jibu hilo lilituuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mtoto mdadisi hazuiliwi na katazo peke yake. Basi Jumamosi tuliketi mezani na watoto wote, wasichana kwa wavulana.

Tayarisha betri mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande vitatu vya waya wenye ganda la plastiki, na selotepu. Menya ncha za waya wewe mwenyewe. Anza na betri moja. Waya mmoja utoke kwenye kitako cha betri, ambacho ni upande hasi, uguse shingo ya balbu. Waya wa pili utoke kwenye kichwa cha betri, upande chanya, uguse kitako cha balbu. Taa itawaka, ingawa kwa unyonge. Achia waya mmoja, itazimika.

Waulize watoto kwa nini, na usiharakishe kuwajibu. Kisha waeleze kwamba umeme ni kama mtu aendaye kisimani: lazima awe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Njia ikikatika popote, safari husimama. Swichi ya ukutani hufanya kazi hiyo hiyo ya kukata njia na kuiunga.

Sasa unga betri ya pili, kichwa chake kwenye kitako cha mwenzake. Mwanga utaongezeka. Geuza betri moja ili zitazamane kichwa kwa kichwa: taa haitawaka, kwa maana zinasukumana.

Halafu, kwa kutumia waya wa tatu, acha pengo katika njia na waache watoto walijaribie vitu. Msumari, sarafu na kijiko cha chuma vitapitisha umeme. Kijiti kikavu, karatasi na plastiki havitapitisha. Hapo wataelewa kwa nini waya una shaba ndani na plastiki nje, na kwa nini waya uliochubuka ni hatari.

Lakini angalieni, akina mama. Kichwa na kitako cha betri visiunganishwe kwa waya mtupu bila balbu, kwani waya hupata moto. Betri za gari, za pikipiki, za sola na za simu zisitumiwe kabisa katika somo hili.

Mwisho tulifika kwenye swali la mtoto wetu. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Soketi ya ukutani ina volti 230, yaani zaidi ya mara 150. Mwili wa mtu nao hupitisha umeme, hasa ukiwa na maji. Betri ya tochi haina nguvu ya kuusukuma umeme mwilini ukadhuru, bali soketi inayo, na inaweza kuua. Tuliwakumbusha watoto bwawa la Mtera, tunalolipita tukienda Iringa. Kituo chake, kilichoanza kazi mwaka 1988, kina megawati 80. Maji yanayozungusha mitambo mikubwa namna ile si ya kuchezewa kwa waya wa tochi.

Tuwafundishe pia la kufanya wakati wa ajali. Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Zima swichi kuu kwanza, kisha ita msaada. Na waya wa nguzo ukianguka baada ya mvua, watoto wakae mbali na wakimbilie kumwambia mtu mzima.

Mtoto wetu bado ni mdadisi, wala hatutaki aache. Juzi alimzuia mdogo wake aliyekuwa akielekea kwenye soketi na mikono imelowa. Hakusema tu "usiguse". Alimketisha akamweleza kwa nini, nasi tulisimama mlangoni tukisikiliza.