Kabla ya kubadilisha chipu, pimeni kapasita yake

Kubadilisha chipu ya nguvu kila inapoungua si tiba. Hapa Kisangani, umeme wa bwawa la Tshopo unapokatika, vifaa vingi vya volti 12 huishi kwa betri, na betri hiyo hucheza kati ya volti 14 ikichajiwa na 11 ikichoka. Ili kifaa kipate volti 12, kigeuzi chake hushusha volti betri ikichajiwa, kisha hupandisha ikichoka. Hapo ndipo kosa hujificha. Chipu nyingi zinazobeba transista mbili pamoja na kiendeshi chake zilibuniwa kwa kushusha tu: transista ya juu hupata nguvu ya kuwaka kutoka kapasita ndogo, inayojazwa kila transista ya chini inapowaka. Wakati wa kupandisha, transista ya juu upande wa betri hukaa imewaka mfululizo. Kapasita haijazwi, hupungua polepole, na transista hujizima au huwaka nusu na kuchemka.

Wako watakaosema chipu za sokoni ni bandia. Zipo, lakini mara nyingi bandia ingeleta shida hata kwa volti 14. Ikiwa kifaa kinafanya kazi vizuri mezani kisha kinakufa betri ikishuka, shusheni volti za majaribio hadi 11 na mpime kwenye miguu ya kapasita hiyo: panapotakiwa takriban volti 5, mtaona zikiteremka. Kapasita kubwa zaidi huchelewesha tu. Badala yake, programu ya kigeuzi iwashe transista ya chini kwa kitambo kidogo, tena na tena, ili kapasita ijae.